Namba Isiyo na Kioo

Alhamisi, tarehe 13 Juni mwaka 2171, saa nane na dakika chache mchana. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na asikudanganye mtu kwamba yaliharibika siku nyingine. Filimbi ya zamu ya pili ilikuwa imelia. Wapangaji wa matofali tulikuwa tumetoka uwanjani na vumbi la magadi kwenye kope, tumesimama mbele ya jukwaa la Halmashauri, na ndani ya pipa kulikuwa kumebaki kipande kimoja tu cha mti. Kimoja, katika vipande mia moja tisini na tisa vyenye namba 2 mpaka 200, kinachotolewa kimoja kila Alhamisi.

Mke wangu Nakunda alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kiti cha kukunja, anavuta hewa kidogo kidogo kama mtu anayeonja uji wa moto.

"Leo," aliniambia bila kugeuka. "Kimebaki kimoja na mimi sijaitwa. Kwa hiyo ni changu. Hesabu haina pengine pa kwenda."

"Usiongee sana, Mama Namsifu."

"Niongee lini sasa? Nikipona nitakuwa na kazi."

Mratibu Ndelwa alipanda jukwaani na koti lake lisilojua vumbi. Akapandisha mkono wa koti ili tuone hakuficha kitu, akauingiza kwenye pipa, akatoa kipande, akakiinua juu.

"Saba!"

Watu wote tukapiga magoti na kumwaga mifuko yetu. Kila mtu wa Magadini ana mfuko wa vijitofali vya magadi, vidogo kama punje za mahindi, idadi yake sawa na namba yake. Namba zetu zinaanzia 11 na kuishia 400. Moja mpaka kumi ni za wakuu wa Halmashauri, nao hawapigi magoti. Kikitoka saba, unapanga kwa saba: vijitofali saba ni safu, safu saba ni tabaka, tabaka saba ni rundo ukifika huko. Asiyejaza hata safu moja hasomi. Ukimaliza unasoma kuanzia kubwa kwenda ndogo. Ikisomeka vilevile kwenda na kurudi, tunasema namba yako ina kioo, na wiki hiyo unalala kwenye Kitanda kwa saa tatu. Kinakutoa vumbi lote la kifuani, unaamka na mapafu ya mtoto.

Namba yangu ni 121. Nilikuwa nimemaliza kabla ya wenzangu: tabaka mbili, safu tatu, mabaki mawili. Mbili, tatu, mbili. Kioo.

Nakunda alikuwa na 293. Alipanga. Akasoma. Akavunja, akapanga tena.

"Baba Namsifu, hebu niangalizie. Nimekosea tena."

Niliinama nikahesabu. Tabaka tano, safu sita, mabaki sita. Tano, sita, sita. Ningekuwa Mungu ningeondoa kijitofali kimoja tu, isomeke tano, sita, tano. Lakini ingekuwa namba ya mtu mwingine.

"Umepanga vizuri," nilimwambia.

Miaka minane ya pipa, ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hivyo. Pipa lilipokwisha mara ya kwanza bila yeye kuitwa, karani wa Halmashauri alimwambia kipande chake kilishatoka, yeye ndiye aliyepanga vibaya akakosa kuripoti. Akaona aibu. Mke wa mpangaji, anakosea kupanga! Na mimi nikaongeza yangu. Nilikuwa nikimwambia, "We mwanamke, mikono yako ina nini?" Nilimwambia hivyo mbele ya binti yetu.

Jioni nilimpeleka kwenye Kitanda nikaomba alale yeye kwa zamu yangu. Mlango ukamulika mkono wake, ukasoma punje ya namba iliyopachikwa chini ya ngozi, ukalia kwa kukataa. Zamu haihamishwi. Nikajaribu mara tatu.

"Lala wewe," akasema. "Vifua viwili vibovu nyumba moja vya nini?"

Watu wa Magadini wakaamini nilikataa. Wakanisifu kwa hilo na mimi sikuwasahihisha. Nililala. Saa tatu nzima, na yeye amekaa kwenye benchi la nje, nilikuwa namsikia akikohoa kupitia ukuta wa bati. Niliamka kifua kikiwa chepesi mpaka nikaona aibu kupumua mbele yake.

Alikufa Jumamosi, tarehe 22, asubuhi, wakati wa chai.

*

Mtu wa nje huuliza kwa nini hatuhami. Tuhamie wapi? Matofali tunayokata kwenye lile ziwa lililokauka yanapelekwa kwenye minara ya miji mikubwa, yanafyonza moshi wa dunia, watu wa huko wanafungua madirisha. Vumbi lake linabaki kwetu. Na Kitanda kinawatambua walio kwenye orodha yake tu. Ukiondoka Magadini umeondoka na kifua chako kama kilivyo.

Mwezi wa nane binti yangu Namsifu alijifungua mtoto wa kike. Akampa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu, na kama ilivyo desturi mpya ya hapa akataka apewe na namba yake. Namba ya marehemu hukaa siku mia kwa familia. Mtoto akizaliwa humo ndani, anairithi. Zikipita bila mrithi, anapewa mtoto wa kwanza atakayezaliwa mjini, wa nyumba yoyote ile, maana orodha ya Kitanda haikubali pengo.

"Baba, utamchongea lini mfuko wake?" Namsifu aliniuliza. Kuchonga vijitofali vya mtoto ni kazi ya babu. Vya marehemu huzikwa naye.

"Nipe wiki."

"Wiki ya nini? Wewe si ndiye unajisifu unachonga mia kwa siku?"

"Nilijisifu nikiwa na mtu wa kunisikiliza."

Nikaweka benchi nyuma ya nyumba, nikachonga kuanzia asubuhi mpaka jua lilipofika utosini, siku tatu. Siku ya tatu nilikuwa na 293 mbele yangu, vyeupe, vipya, havijaguswa na mtu. Nikaanza kuvipanga kwa saba, kwa kumkumbuka tu. Tano, sita, sita. Nikavunja.

Halafu nikavipanga kwa nane.

Hapa lazima niseme. Kwetu kupanga kipande ambacho pipa halijakitoa ni mwiko. Wanasema unajiitia kifo. Nani alianzisha mwiko huo sijui, pipa lenyewe lina miaka minane tu, lakini mwiko ukitaka kujua ni wa nani, tazama unamlinda nani. Kifo kilikuwa kimeshaingia kwangu bila kuitwa. Nikapanga.

Kwa nane: nne, nne, tano. Kwa tisa: tatu, tano, tano. Nikacheka peke yangu, kwa sababu ilikuwa kama mtu anayekupungia mkono kutoka mbali, ukikaribia anaingia ndani. Nikarudi chini, kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, mpaka sita. Hakuna. Nikapanda, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kumi na mbili ilitoa mbili, sifuri, tano. Kumi na sita: moja, mbili, tano. Kumi na saba: moja, sifuri, nne. Hakuna.

Kufikia kumi na nane nikakuta tabaka halijai tena. Kumi na nane mara kumi na nane ni zaidi ya vijitofali nilivyonavyo. Kuanzia hapo mpaka mia mbili, ningekuwa na safu na mabaki tu. Nikakaa chini.

Mimi niliishia darasa la nne. Lakini tofali hakuna wa kunifundisha. Nikawaza hivi: ili safu na mabaki visomeke sawa, lazima idadi ya safu ilingane na idadi ya mabaki. Safu tano, mabaki matano. Safu tisa, mabaki tisa. Na mabaki yakilingana na safu, mpangaji yeyote mvivu anajua la kufanya: kila baki analibandika mwisho wa safu moja. Unapata safu zote sawa, hakuna kinachobaki. Maana yake namba yenye kioo cha aina hiyo ni ile inayogawanyika sawasawa.

Nikajaribu kuigawa 293. Kwa mbili kinabaki kimoja. Kwa tatu vinabaki viwili. Kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kwa kumi na saba. Kila mara kuna kinachobaki mkononi. Haigawanyiki. Namba ile ni kama jiwe lisilopasuka.

Ilibaki namna moja tu: safu moja ndefu ya vijitofali 292, na baki moja. Moja, moja. Kioo. Kwa hiyo kipande cha Nakunda kipo duniani, kimeandikwa 292. Na pipa la Halmashauri linaishia 200.

Nilibaki nimekaa pale mpaka Namsifu akaja na sahani ya chakula.

"Baba, vipi? Umepungukiwa?"

"Vimetimia," nikasema. "Mama yako hakukosea hata siku moja."

Hakuelewa, na mimi sikumweleza. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, amelala mdomo wazi, anapumua bila sauti.

*

Ofisi ya Mratibu Ndelwa ina mlango wa vioo viwili ili vumbi lisiingie. Nilimkuta anakata kucha.

"Shikamoo mzee wangu. Pole tena na msiba. Karibu kiti."

"Marahaba. Nitasimama, suruali yangu ina vumbi."

Nikamwaga mfuko kwenye meza yake. Nikampangia kwa saba, kwa nane, kwa kumi na mbili. Hakunizuia. Mtu asiyejua angeuliza ninafanya nini. Yeye alitazama mikono yangu tu, na nilipofika kumi na saba akasema polepole:

"Inatosha, mzee. Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nilipopewa kazi hii nilipewa na orodha. Ziko kumi na moja."

"Watu kumi na moja."

"Namba kumi na moja. Waliotengeneza pipa walitaka mzunguko mfupi. Wakiweka vipande mpaka mia nne, mtu anasubiri miaka karibu minane. Wakikomea mia mbili, inakuwa chini ya minne, na karibu watu wote wanaitwa."

"Karibu."

"Karibu," alikubali. Akaweka chini kile kikata kucha. "Mzee Senzighe, kabla ya pipa Kitanda kilikuwa cha nani?"

"Cha mwenye nguvu."

"Wiki ile mliyokipigania getini walikufa wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Wa ishirini na sita alikuwa mdogo wangu."

"Na tangu pipa lianze?"

Jibu lilikuwa upande wake. Tangu pipa lianze hakuna aliyeinua hata ufagio. Hesabu haihongeki, haina shemeji, haina kabila. Tuliipenda kwa hilo.

"Ongezeni vipande kumi na moja," nikasema. "Nitachonga mimi, bure. Ni wiki kumi na moja tu juu ya mia moja tisini na tisa. Nani atakufa kwa wiki kumi na moja?"

"Siyo mti unaonitisha. Nikitumbukiza kipande cha 292 leo, kesho mtu atauliza kwa nini hakikuwemo jana. Halafu watahesabu makaburi. Halafu wataacha kuliamini pipa, na Kitanda kitarudi kwa mwenye nguvu. Wewe ndiye utakayemzika wa thelathini na mbili?"

"Nimeshamzika. Mlimwambia anakosea kupanga."

Hapo alitazama pembeni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka barabara:

"Siku mia zinaisha Jumatatu, tarehe 30. Binti yako asiichukue hiyo namba. Aseme anasubiri. Kuna mzee mmoja ana namba nzuri, hali yake siyo nzuri. Mimi ndiye ninayeandika. Mjukuu wako ataipata."

"Na 293?"

"Itakwenda kwa mtoto atakayefuata."

"Wa nani?"

"Hiyo anajua Mungu."

Mungu alijua, na mimi nilijua, na yeye alijua. Mji mzima ulikuwa na tumbo moja tu lililofika mwezi wa tisa, nalo lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Nikarudisha vijitofali mfukoni kimoja kimoja. Natamani ningesema nilimtukana. Nilisema asante. Mdomo una mazoea yake ukiwa mbele ya meza.

*

Mwajabu alikuja siku ya pili yake, tumbo mbele, bakuli la magimbi mkononi. Nakunda ndiye aliyemfundisha kupanga alipokuja hapa kuolewa.

"Hodi, Mzee Senzighe! Umejiangalia unavyonitazama? Kama mtu aliyeona gari la tofali limeacha njia."

"Karibu, mwanangu. Kaa. Benchi litavumilia."

"Litavumilia! Haya, nicheke mimi, nawe siku yako ya kubeba itafika." Akakaa kwa kishindo, akacheka, akakohoa, akafuta mdomo. "Nimesikia Namsifu anataka kusubiri. Ni kweli?"

"Nani kasema?"

"Karani. Anasema nyie hamuitaki namba ya Mama Namsifu, labda inawaumiza kuisikia. Nikasema nisikae nikanung'unika, nije nikuulize mwenyewe." Aliweka mkono juu ya tumbo. "Mkiiacha, itamfikia huyu. Mimi kwangu ni heshima, mzee. Yule mama alinishika vidole hivi, kimoja kimoja. Alikuwa ananiambia, mimi mwenyewe hukosea, lakini wewe usikosee. Nataka mwanangu abebe namba yake."

Magimbi yalikuwa ya moto. Nilikuwa nimelishika moja na sikulisikia mpaka lilipoanza kuniunguza.

Ningeweza kunyamaza. Nataka ieleweke hivyo. Sentensi moja ya kunyamaza, na mjukuu wangu angepona. Mtoto wa Mwajabu angekua, angejifunza kupanga, kila Alhamisi angepiga magoti, na siku moja mtu mzima angemwambia, we mtoto mikono yako ina nini? Na nikisema, Namsifu ataulizwa tena mbele ya watu kama anaitaka namba ya mama yake, na akikataa mji mzima utajua anamsukumia nani. Kuna wakuu kumi waliokula mshahara wa kuwaza mambo haya, na walilisukuma mpaka likaja kukaa kwenye benchi langu, na bakuli la magimbi.

"Njoo Alhamisi kwenye pipa," nilimwambia. "Nitakujibu pale."

"Mbona umekunja uso? Nimekukosea?"

"Hujakosea. Wala yeye hakuwahi kukosea."

Usiku huo nilimweleza Namsifu. Alisikiliza mpaka mwisho akimnyonyesha mtoto. Nilipomaliza alimgeuzia ziwa la pili, akaniuliza jambo moja tu:

"Wewe namba yako inaitwa mara ngapi?"

Nilikuwa nimeshaipanga. "Mara tano kila mzunguko."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuniomba kitu. Yeye ndiye aliyekuwepo nilipokuwa namsema mama yake, na hakunikumbusha hata hilo.

*

Alhamisi, tarehe 26 Septemba, Mratibu alitoa kipande kilichoandikwa 34. Watu walipopiga magoti, mimi nilipanda jukwaani. Sikuwa nimewahi kupanda ngazi zile. Ziko nne.

"Mzee wangu, shuka," Ndelwa aliniambia kwa upole.

"Nitashuka. Nimekuja kupanga."

Nikamwaga 293 juu ya meza ya pipa nikapanga mbele ya watu. Nilianza na saba, ili wale waliokuwepo siku ile wakumbuke. Nilisoma kwa sauti, nikavunja, nikapanga. Mwanzoni walipiga kelele kwamba navunja mwiko. Nilipofika kumi na mbili walikuwa wananyamaza, na wapangaji wenzangu wa mbele walikuwa wanasoma pamoja nami, maana mpangaji hawezi kuona tofali akaacha kuhesabu. Nilipowaonyesha safu na mabaki, kwamba kila baki hubandikwa kwenye safu yake, mmoja akasema "Aaa!" kama aliyechomwa mwiba. Huyo alikuwa ameelewa.

"Mke wangu hakukosea," nikasema. "Kipande chake ni 292. Hakijawahi kuwemo humu ndani. Na hayuko peke yake, ziko namba kumi na moja. Mratibu anazo kwenye karatasi."

Nilisubiri kelele. Ndelwa alisubiri kelele, niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuwaza geti na mdogo wangu.

Badala yake, Mzee Kidubo wa mizani, mtu wa maneno machache, alisimama kule nyuma. Alikuwa ameshika kofia.

"Mimi ni 317," alisema. "Nilidhani ni macho yangu."

Kisha mama mmoja wa jikoni: "Mimi 359. Mume wangu aliniambia nina nuksi." Mume wake alikuwa amepiga magoti pembeni yake na hakuinua kichwa. Wakasimama wanne wengine, mmoja baada ya mwingine, kwa aibu, kama watu waliokutwa na kitu cha wizi. Hakuna aliyeinua ufagio. Watu waliwatazama tu, halafu wakasogea, wakawapa nafasi ya kusimama vizuri.

Mwajabu alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Siku mia zinaisha Jumatatu," Ndelwa alisema, na nadhani alitaka tu kupata kitu cha kushika. "Namba haiwezi kubaki wazi. Sheria ni sheria. Ama mjukuu wako, ama mtoto atakayefuata."

"Niandike mimi."

"Wewe una namba, mzee. Namba huachwa na maiti tu."

"Basi niandike maiti. Ni mstari mmoja. 121 apewe mjukuu wangu Nakunda, kama mrithi wa babu yake. Halafu mniandike tena kwenye 293, kama mtu aliyeletwa leo."

"Maiti gani anavaa viatu!" mtu mmoja alipiga kelele, na watu wakacheka, na nilishukuru kwamba walicheka.

"Baba," Namsifu aliita kutoka chini. "Baba, usijiite hivyo."

"Nililala siku ile," nilimwambia. Niliwaambia wote. "Mnasema nilikataa zamu yangu. Nililala saa tatu, na yeye yuko nje. Kwa hiyo nina deni la kifua, na sina mwingine wa kumlipa."

Ndelwa aliandika. Aliandika haraka, na nilielewa kwa nini: mzee mmoja kwenye namba ile ni shida ndogo kuliko mtoto. Alipitisha kifaa juu ya mkono wangu, punje ikalia mara moja. Akakipitisha juu ya kamkono ka mjukuu wangu, ikalia mara moja. Mtoto akashtuka akalia, akanyamaza.

Hapo nikatoa kwenye mfuko wa shati kipande nilichochonga, mti mzuri, nimekipiga msasa, 292 imechimbwa kwa ncha ya kisu. Nikakiweka mezani, pembeni ya pipa. Sikukitumbukiza. Pipa siyo langu.

*

Leo ni Alhamisi ya saba tangu siku ile. Kikohozi kimeanza, kikavu, cha asubuhi. Mwajabu alijifungua mtoto wa kiume mwezi uliopita. Mzee wa namba nzuri alifariki wiki hiyohiyo, na Ndelwa akamwandikia mtoto namba yake bila kungoja siku mia. Mwajabu ananiletea magimbi kila Jumatano na kunitania, eti maiti gani anakula namna hii.

Kipande changu bado kiko mezani. Pembeni yake sasa viko vingine sita, 316 ya Mzee Kidubo, 358 ya yule mama, na vingine vimechongwa vibaya na watu ambao si maseremala. Halmashauri inasema inalitafakari. Inalitafakari kwenye chumba chenye vioo viwili mlangoni, na wale kumi wanatoka humo wakipumua vizuri. Ndelwa hajavitumbukiza wala hajaviondoa. Nimemwona akivipangusa vumbi kwa leso, kisha anapandisha mkono wa koti na kuuingiza kwenye pipa.

Mimi hupiga magoti, hupanga kipande kilichotoka, nasoma, nakuta baki. Kisha napanda zile ngazi nne. Wamezoea sasa, wananipisha. Namsifu yuko chini na mtoto, Mwajabu yuko chini na wake, na mimi namuuliza Mratibu swali lilelile nililomuuliza siku ile aliponiandika, kabla hajafunga kalamu, na watu wote wananyamaza ili wasikie atasema nini:

"Bwana Mratibu, mimi nikifa, 293 mtampa nani?"